Kiduara Kikizunguka, Usizunguke Nacho

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe uliyeuziwa kiwanja Kibaha kwa maneno kwamba "lami ipo, umeme upo, mtandao unasoma fulu," na wewe mwenzake uliyepanda kilima kwenda Kisarawe kufuata hewa safi na kodi nafuu. Waliokuuzia hawakusema uongo. Lami ipo. Umeme upo, ukiwepo. Mtandao nao unasoma fulu, hasa saa 10 alfajiri, wakati huna shida nao.

Mwenyeji wa Mlandizi au Maneromango haya hayamhusu. Yeye anajua tangu zamani kwamba mpira wa kwenye simu ni neema, ukija unashukuru, usipokuja una redio. Anayeumia ni mgeni. Mgeni hulipia kifurushi cha mwezi, hualika mashemeji, huchoma nyama, halafu dakika ya tatu ya mchezo kile kiduara cheupe hutokea katikati ya kioo na kuanza kuzunguka. Hapo mgeni hufanya yote yasiyotakiwa. Huzima simu na kuiwasha. Huinyanyua juu kama anayemwonyesha mtoto mwezi. Hufuta programu na kuipakua upya, kwa MB zilezile chache zilizokuwa zimebaki. Mwisho humgeukia mkewe na kumuuliza nani kagusa rimoti.

Kosa lake ni kuanza uchunguzi kwenye simu. Simu ndiyo ya mwisho kulaumiwa. Kati ya kioo chako na kamera iliyoko uwanjani kuna LUKU, nguzo, transfoma, mnara, bando, kebo iliyolala chini ya Bahari ya Hindi, seva iliyoko usikokujua na, mara mojamoja, viongozi wa mpira. Kila kimoja kina namna yake ya kufa, na kila kimoja kina mtu wa kuulizwa. Anayejibu haraka kuliko wote, bila kukuwekea muziki, ni jirani.

Mjue jirani kabla ya nywila

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hata ya kufunga mapazia, nenda kapige hodi. Sababu ya kuomba chumvi inatosha. Unachotafuta ni kujua nyumba ipi ina dishi, ipi inatumia laini ya kampuni nyingine tofauti na yako, na ipi ina jenereta. Hao ndio mafundi wako. Wala usiwaambie.

Taa zikizimika, chungulia nje. Kwa jirani zinawaka? Basi tatizo ni lako peke yako na jina lake ni uniti. Mgeni hukasirika hapa akikumbuka kwamba umeme alinunua juzi tu. Arudi akausome ule ujumbe vizuri. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa humohumo kwenye LUKU, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi, kwa hiyo aliyenunua umeme wa elfu mbili mwanzoni mwa mwezi kanunua kodi zaidi kuliko umeme. Na aliyekuwepo Novemba 2024 atakumbuka zoezi la kuboresha mita: unaingiza tarakimu 20, halafu 20 nyingine, ndipo zinafuata 20 za umeme wenyewe. Tarakimu 60, gizani, kwa tochi ya simu yenye chaji ya kuhesabu. Huko nyuma wahenga walitoa mtihani wa unyago na jando. Sisi tulipewa huo.

Kama kwa jirani nako ni giza, vuta subira uangalie mbali zaidi. Giza la nyumba kumi ni la transfoma, au tawi la mwembe lililolalia waya, na hilo utalitambua kwa fundi, ngazi na watoto wa kumtazama. Giza la wilaya nzima lina tangazo. Giza la nchi nzima nalo lina tangazo, ila huwafikia wenye chaji. Jumatatu ya Pasaka ya 2024 Gridi ya Taifa ilipata hitilafu, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa 1 Aprili, taarifa ya kweli ilibidi ishindane na utani wa Siku ya Wajinga.

Usikimbilie kutaja chanzo. Mwaka huohuo wa 2024, treni mpya ya umeme ilisimama kwa takribani saa 2 kati ya Kidete na Godegode, na Shirika la Reli likatoa taarifa kwamba waliosababisha hitilafu ni ngedere na bundi. Nchi nzima ilicheka. Waliocheka walikuwa wamesahau kwamba Juni 2016 huko Kenya tumbili mmoja alidondokea transfoma kwenye kituo cha umeme cha Gitaru, umeme ukazimika karibu nchi nzima, na tumbili mwenyewe akatoka mzima. Sisi wa upande wa Kisarawe, tunaopakana na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, hatucheki ovyo mambo hayo. Tumbili tunao.

Utaambiwa vilevile kwamba shida hizi zimekwisha kwa sababu Bwawa la Julius Nyerere limekamilika huko Rufiji: mitambo 9, megawati 2,115. Ni kweli, na mgao ule wa mwaka 2023 hakuna anayeutamani. Lakini umeme huo husafirishwa kwa msongo wa kilovoti 400 kwenda Chalinze, na kifaa chako cha Wi-Fi hakili kilovoti 400. Chenyewe kinasubiri nguzo ya mti ya mwisho mtaani kwako, ile iliyoinama kuelekea kibanda cha chipsi. Megawati haziinyooshi nguzo.

Dawa yake si ghali. Vifaa vingi vya Wi-Fi vya nyumbani hutumia volti 12 na hula umeme kidogo mno, kwa hiyo fundi wa mtaani anaweza kukufungia betri ndogo ikakisukuma saa kadhaa bila TANESCO. Mwambie apime volti kabla ya kuunga, maana wapo wanaopima kwa macho. Ukishafungiwa utajiona mjanja: mtaa giza, wewe unaangalia. Dakika kumi baadaye kiduara kinarudi, na sasa huelewi. Nitakuelewesha. Mtaa mzima umezimikiwa na TV, mtaa mzima umehamia kwenye simu, na mnara mmoja, ambao nao muda huo unaishi kwa betri na jenereta lake, unabebeshwa wote.

Vijiti vimejaa, hakuna kinachotembea

Kwenye ugonjwa wa mnara, Kibaha na Kisarawe hazifanani kabisa, na tiba ya moja itakuua ukiitumia kwa nyingine.

Kibaha imetandazwa kando ya Barabara ya Morogoro: Maili Moja, Picha ya Ndege, Kwa Mathias, Kongowe, Visiga, hadi Mlandizi. Minara haikosekani. Kinachokosekana ni nafasi. Jioni, mabasi yakishamwaga watu Maili Moja, kila aliyeshuka anatoa simu, na wenye fremu wamekwisha fungulia miziki yao, na vijana wa bodaboda wanasubiri abiria huku wanaperuzi video fupi. Hapo simu yako itakuonyesha vijiti vyote na 4G imesimama wima, halafu picha haisogei. Mgeni huona vijiti akasema mtandao upo. Vijiti vinasema mnara unakusikia. Havisemi kama una muda na wewe. Tiba ya Kibaha ni saa, siyo mahali. Kipindi unachokitaka kipakue usiku wa manane, uangalie kesho yake. Mpira hauwezi kupakuliwa usiku wa manane, najua. Tutafika huko.

Kisarawe ugonjwa ni mwinuko. Mji umekaa juu, na juu huko mambo si mabaya. Ukishuka bondeni, au ukijenga upande wa pili wa kilima kwa sababu kiwanja kilikuwa nafuu (sasa unajua kwa nini kilikuwa nafuu), 4G inageuka 3G, 3G inageuka E, na E ni herufi tu, haina kazi nyingine. Tiba ya huku ni mahali. Kila kijiji kina pake: chini ya mkorosho fulani, juu ya kichuguu, kwenye kona ya zahanati. Wenyeji watakuonyesha ukiuliza kwa adabu. Ukimkuta mzee amesimama peke yake magharibi chini ya mkorosho, mkono juu, macho mbinguni, usimpigie shikamoo ya kelele. Anapokea video ya mjukuu aliyeko Muscat, imefika asilimia 91.

Bando

Hapa nitapita haraka, maana ni eneo la majonzi. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa, na kwamba kwenye simu ukiweka kiokoa data, GB 1 itakupa kama saa 6. Wanasema pia HD kamili inataka kasi ya megabiti 5 kwa sekunde. Soma tena takwimu hizo, kisha uangalie bando lako la siku. Mgeni hununua GB 1 saa 12 jioni, anafungua filamu bila kugusa mipangilio, saa 12:20 anapata ujumbe: umetumia asilimia 100 ya kifurushi chako. Anasema ameibiwa. Hakuibiwa, kaangalia kwa ukarimu. Shusha ubora wa picha. Mchezaji utamjua kwa mwendo wake, sura utaiona gazetini.

Na zima masasisho ya programu. Kuna simu ambazo husubiri ununue bando ndipo zikumbuke kwamba zina programu 14 za kusasisha.

Baharini

Wakati mwingine jirani ana umeme, ana bando, ana vijiti, yuko kampuni nyingine, na bado kwake kunazunguka kama kwako. Hapo rudi ndani ukalale, kwa sababu tatizo liko baharini.

Jumapili ya 12 Mei 2024 ndiyo ya kukumbuka. Kebo 2 zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Seacom tuliipokea 2009, EASSy 2010, kwa shangwe, na tangu hapo hakuna aliyezifikiria tena mpaka zilipokatika. Zile zinazokwenda kaskazini nazo zilikuwa zimejeruhiwa Bahari ya Shamu tangu Februari mwaka huo, kwa hiyo njia ya kuzungukia ilikuwa nyembamba. Ubalozi wa Marekani pale Dar es Salaam ulifunga huduma kwa umma kwa siku 2. Fikiria hilo: ubalozi wenye walinzi, ukuta na jenereta la ukubwa wa daladala unasalimu amri, na huku Kwa Mathias kuna bwana anafuta kache ya simu yake ya elfu themanini akiamini atafanikiwa.

Siku kama hizo utaona mambo ya kukuchanganya. Ukurasa wa kuingilia haufunguki, ila tamthilia maarufu iliyokuwa imeshafunguka inaendelea vizuri. Hakuna uchawi. Kampuni kubwa za video huweka nakala za vitu vinavyopendwa kwenye mashine zilizo karibu na watazamaji. Netflix wamekuwa wakiwapa watoa intaneti mashine za namna hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kinachopendwa na wengi kiko karibu. Nywila yako, ambayo hupendwa na wewe tu, iko mbali na lazima ivuke bahari. Basi siku ya kebo usitoke kwenye akaunti. Anayekushauri "toka kisha uingie upya" siku hiyo si rafiki yako.

Kuna pia kuzimika ambako hakuna papa wala nanga. Siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo siku kadhaa. Kwa hali ya namna hiyo mwongozo huu hauna kipengele, zaidi ya kukushauri uwe na redio na betri zake. Na kabla kijana wa duka la simu hajakuwekea VPN "ya kupita pembeni", jua kwamba Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kutaka wanaotumia VPN wajisajili, na mwisho ukapangwa tarehe 30 mwezi huohuo. Kijana wa duka la simu hatakuwa nawe siku ya kujieleza.

Kosa la wenyewe

Ni mara chache, lakini hutokea: kila kitu kwako ni kizima, walioharibikiwa ni wenye huduma. Asubuhi ya Jumamosi ya 16 Novemba 2024 kwa saa zetu, Netflix walionyesha moja kwa moja pambano la Jake Paul na Mike Tyson kutoka Texas. Nyumba milioni 60 duniani zilifungulia kwa pamoja, na wengi wao waliona ukungu na kiduara kuliko ngumi. Wamarekani wenye intaneti ya faiba hadi chooni walizungukiwa. Sisi tuliozoea tuliona wamekaribishwa tu.

Katika hali hiyo kioo kitakupa namba, kama NW-2-5, ambayo kwa Netflix maana yake ni kwamba kifaa hakifiki mtandaoni, au UI-800-3, ambayo husema taarifa zilizohifadhiwa kwenye kifaa zimechakaa na zinahitaji kusafishwa. Mgeni huzikariri namba hizi na kwenda nazo kwa fundi wa simu. Fundi ataziangalia kwa makini, atakohoa, atasema "hii ni ya ubao," na utaacha elfu kumi na tano.

Huduma kwa wateja

Ukiamua kupiga simu, na kila mgeni huamua kupiga simu, jiandae kwa swali moja ambalo linaonekana jepesi.

"Uko maeneo gani, mpendwa mteja?"

"Masaki."

"Asante kwa taarifa. Masaki mtandao uko vizuri kabisa, mpendwa mteja, minara yote inafanya kazi."

"Dada yangu, Masaki ya Kisarawe."

Kimya. "Naomba usubiri kidogo kwenye laini." Muziki.

Tuna kata inayoitwa Masaki, na haina ubalozi hata mmoja. Ina mihogo, ina watu wastaarabu, na ina haki yote ya jina lake, lakini mbele ya kompyuta ya mtoa huduma huwa inashindwa na ile ya Rasi ya Msasani kila siku. Kibaha nako kuna Kongowe, na kuna Kongowe nyingine ukipita Mbagala. Fundi akitumwa "Kongowe", subiri simu yake atakapokuwa amesimama kwenye ile isiyo yako akiuliza geti la bluu. Kiluvya ni balaa zaidi, kwa sababu kuna Kiluvya iliyomo Wilaya ya Kisarawe na kuna Kiluvya ya upande wa Dar es Salaam, zote kwenye barabara moja ya lami, na wapo wakazi wasio na hakika wanalala wilaya gani. Kwa hiyo taja mkoa kwanza, halafu wilaya, halafu kata, halafu shule au msikiti ulio karibu. Ukianzia na jina la mtaa umejitakia.

Wakikuuliza kama umejaribu kuzima na kuwasha, sema ndiyo. Hata kama hujafanya. Itakuokolea salio.

Saa

Shida hii haimo kwenye simu wala kwenye mnara, na hakuna fundi wa kuitibu. Programu nyingi za michezo hupangwa Afrika Kusini au Ulaya. Ratiba ikiandikwa kwa saa za Johannesburg, sisi tuko mbele kwa saa 1. Mechi ya Uingereza ya saa 15:00 kwao huanza saa 12 jioni kwetu wakati wa baridi yao, na saa 11 jioni baada ya Jumapili ya mwisho ya Machi wanaposogeza saa zao. Sasa mchukue mtu aliyezoea kuhesabu saa kuanzia jua linapochomoza, mpe kioo kilichoandikwa 20:00 bila kusema ni 20:00 ya wapi, halafu mwambie mashemeji waje "saa 2." Wapo watakaofika mpira umebaki dakika thelathini. Watalaumu mtandao.

Goli la jirani

Sasa tuufikie mpira wenyewe, maana ndio unaowaua wageni wengi.

Azam Media walilipia haki za Ligi Kuu kwa mkataba wa miaka 10 uliotiwa saini 2021, shilingi bilioni 225.6, kwa hiyo kuna njia za halali za kuiona ligi: king'amuzi na dishi linalotazama magharibi, au programu ya simu. Mgeni huchagua programu kwa sababu dishi linachafua paa. Uamuzi wa mtu msomi. Kinachomsubiri ni hiki: picha ya intaneti hukatwakatwa vipande, hupelekwa kwenye seva, hukusanywa tena kwenye simu, na simu huweka akiba ya sekunde kadhaa kabla ya kukuonyesha. Kwa hiyo unaangalia mchezo uliopita nusu dakika iliyopita, wakati mwingine zaidi. Mwenye dishi yuko mbele yako. Mwenye redio yuko mbele ya mwenye dishi.

Matokeo yake, goli huingia mtaani mara tatu. Linaanzia kwa mzee mwenye redio, ambaye hupiga makofi mara moja tu kwa heshima ya umri. Linalipuka kwenye kibanda umiza, mabenchi yanaanguka, mtu anakimbia nje akiwa ameshika fulana yake. Wewe hapo kwenye kioo chako golikipa ndiyo kwanza anautenga mpira upigwe. Unajua litakuja goli. Hujui la nani. Sekunde 30 hizo ndizo zinazozeesha watu Pwani.

Mwenyeji amejifunza kusoma kelele. Kelele ndefu inayopanda na kukatwa na filimbi za midomo ni goli la wengi. Inayopanda kisha ikaporomoka kwa "aaah" ni mwamba. Kimya kizito na kicheko kimoja cha mbali ni goli la wachache, na huyo aliyecheka arudi nyumbani mapema. Ukielewa lugha hiyo, kioo unaweza kukizima kabisa ukaokoa bando, na kusema kweli wapo wanaofanya hivyo.

Kuna siku, hata hivyo, mtaa mzima utakuwa kimya na wewe utazidi kuchanganyikiwa. Tarehe 8 Machi 2025 ilikuwa siku ya Simba na Yanga. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa, wakasusa. Siku yenyewe Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo. Watu walikuwa wameshalipia. Kwenye vioo hakuna mpira, na mgeni, kwa mazoea, akaanza: zima data, washa data, hali ya ndege, futa kache. Vifaa vyote vilikuwa vizima, kuanzia Rufiji hadi chini ya bahari. Mechi ndiyo haikuwepo. Ilichezwa 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0, na wa Simba wa mtaa wangu hadi leo husema mtandao siku hiyo ulikuwa na matatizo.

Njia ya akiba

Kwa filamu, akiba ni flashi. Nenda kwa kijana mwenye kompyuta na spika mlangoni, chagua, akuingizie, ulipe, uondoke. Zipo zenye sauti ya Kiswahili juu yake, sanaa iliyopata umaarufu nchini kwa watu kama Lufufu, wakitafsiri filamu ya Kihindi au ya Kichina na kumpa mhusika tabia ambazo mwandishi wake hakuziwazia. Haki za wenye filamu katika biashara hii ni suala ambalo kijana mwenye spika hapendi kuulizwa. Lakini flashi haizunguki.

Kwa mpira, akiba ni kibanda umiza, na usijifanye humo hutafika. Utafika. Nenda mapema, maana benchi la nyuma lina mguu mmoja mfupi na huachiwa wageni. Kiingilio toa pesa mbichi, mwenye kibanda hapendi miamala inayosema "inashughulikiwa". Usivae jezi kabla hujajua humo wengi ni wa wapi. Simu yako iweke mfukoni. Anayeangalia mechi ileile kwenye programu huku amekaa mbele ya dishi hutazamwa kwa huruma. Umeme ukikatika, mwenye kibanda atatoka kwenda kuvuta jenereta, na hapo kutatokea mjadala wa nani alisema petroli ipo. Usichangie mjadala huo, changia petroli. Na ikizimika moja kwa moja baada ya mapumziko, usidai kiingilio. Kipindi cha kwanza umeona.